Bangili Isiyojua Utani

1

Bangili iliwaka nyekundu Nakiete akiwa ameshika kijiko cha mtori, na kinachouma ni kwamba ndiyo kwanza mgonjwa wake alikuwa ameanza kula.

Tangu Nakiete afike pale Uru, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kwa mafunzo ya vitendo, Bibi Aikande alikuwa amegoma kula. Nyonga ilivunjika, ikaungwa, ikapona nusu. Mwanamke aliyelima mwenyewe kihamba chake, shamba la migomba na kahawa, maisha yote sasa alikuwa mtu wa kubebwa kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu, na hilo lilimkera kuliko maumivu. Mdomo kaufunga, uso kaugeuzia dirishani kwenye migomba. Nakiete alikaa pembeni yake akitoa maneno ya chuoni neno kwa neno: "Bibi, ninaomba ruhusa yako nikusaidie kupata chakula. Ukiwa tayari, nijulishe." Bangili mkononi ilikuwa kijani, kijani cha kupendeza, na mtori, supu ile ya ndizi na nyama, unapoa. Ukipoa anaupasha. Akishaupasha anaomba tena ruhusa. Jamani, mtu mzima mwenye njaa unamwomba ruhusa kama unataka kupita mbele ya mkuu wa wilaya, atakula saa ngapi?

Mchana huo Bibi aligeuka mwenyewe akamtazama.

"Wewe dada wa ruhusa ruhusa. Kwenu wapi?"

"Usangi, Bibi."

"Usangi!" Bibi alijiinua kwenye mto. "Kumbe Mpare?"

"Mpare, Bibi."

"Ndiyo maana!" Alivuta bakuli, akachungulia ndani. "Najiuliza mtori gani huu, mtu anaona mpaka maua ya bakuli. Nyama iko wapi? Umeiweka akiba mpaka mjukuu wako aoe?"

Mpare aliyelelewa na watu akiambiwa hivyo na Mchaga, mtani wake wa jadi, hajiulizi la kufanya. Ulimi wa Nakiete ulitangulia, akili ikafuata nyuma.

"Nyama nimewaficha nyie, maana mngeshaiuza! Theluji ya mlima mzima mmeuza, itakuwa kipande cha nyama? Kula huo mtori, bibi wewe, ufe umeshiba. Ukifa na njaa utafufuka kuja kufungua duka!"

"Loo!" Bibi Aikande alipiga makofi, macho yakimng'aa. "Theluji tuliwauzia nyie, na hamjalipa! Kesi iko mahakamani mpaka leo, kila tukishinda mnakata rufaa!" Na kwa kuwa mdomo ulikuwa wazi kwa kicheko, kijiko kiliingia. Kikaingia na kingine.

Hapo ndipo bangili ilipotetemeka. Maneno yalipita juu yake taratibu, mekundu: TISHIO LA KIFO. DHIHAKA YA KABILA. SAUTI YA JUU.

Bibi alimaliza bakuli, akauliza kama kilichobaki kwenye sufuria Mpare kaamua kukizika.

2

Enzi hizo huwezi kuachwa ndani na mzee wa watu bila cheti cha Mhudumu wa Afya wa Nyumbani, hata kama mzee huyo ni mama aliyekuzaa. Sheria ilikuja baada ya aibu kubwa: wazee walikutwa wamefungiwa stoo, wengine wana vidonda vya kulalia hadi mfupa unaonekana. Kwa hiyo sheria ilikuwa na haki yake, tusiiseme vibaya sana.

Chuoni Moshi mjini Nakiete alifundishwa kumgeuza mgonjwa bila kumburuta, kumwogesha huku sehemu nyingine imefunikwa asione aibu, kukagua visigino na kiuno kila asubuhi, kumkalisha wima kabla ya kijiko cha kwanza na kumwacha wima baada ya cha mwisho. Kwa hayo alikuwa fundi. Miaka mingi alishona sare za shule kiwandani, mpaka mashine zilipojifunza kushona zenyewe, na mikono ile ilikuwa na adabu ya kutovuta kitu kwa nguvu. Kilichobaki kilikuwa bangili.

Bangili ilipima upole. Ilisikiliza sauti ya mhudumu: imepanda au imeshuka, pumzi ina hasira au haina, maneno yenyewe ni yapi. Ukiwa mpole, kijani. Ukianza kuchoka, njano. Nyekundu ni kosa, na makosa matatu hakuna cheti. Haivuliwi hadi mtihani ufungwe. Anayeivua kabla ya hapo, amejitoa mwenyewe. Na kwa kuwa kulikuwa na sheria nyingine, ile ya faragha, iliyokataza kurekodi maneno ya mgonjwa ndani ya nyumba yake, bangili iliziba masikio kila mgonjwa alipofungua mdomo. Kwa hiyo ilisikia nusu ya mazungumzo. Na utani wa Mpare na Mchaga ukiusikia nusu, hata mimi ningeita polisi.

Waliounda bangili hawakuwa wajinga. Nao wana makabila yao, wana watani wao, na misibani kwao huwa wanafanyiwa vituko kama watu wengine. Ila siku ya kuifundisha bangili Kiswahili cha upole walivaa tai, wakakaa wima, wakaongea kama wasoma taarifa ya habari. Utani waliuacha nyumbani, na bangili ikakua bila kuujua.

Nakiete alikitaka cheti kwa sababu moja. Halmashauri ilikuwa ikimpeleka mhitimu kata ya kwao kama kuna nafasi, na Usangi nafasi ilikuwepo. Usangi alikuwepo mama yake, miguu imevimba, anahudumiwa na mhudumu wa zamu asiyejua hata jina la marehemu mume wake. Kila Jumapili kwenye simu mama alikuwa akiuliza swali lilelile, "Lini sasa?", na kila Jumapili Nakiete alimjibu kwamba ni mtihani tu umebaki.

3

Kesho yake alijaribu ujanja. Kwanza aliifunga bangili kwa kanga, ikawaka njano: SAUTI IMEZIBWA. Akaifungua haraka. Halafu akafikiria, kama tatizo ni sauti kupanda, mbona nisitanie kwa sauti ya chuoni? Akakaa wima, akakunja mikono mapajani, akaanza kwa sauti ya kubembelezea mtoto mchanga.

"Bibi mpendwa, ninaomba kukufahamisha kwamba ninyi Wachaga ni wezi tangu enzi za mababu. Je, uko tayari kwa kijiko kinachofuata?"

Bibi Aikande alicheka hadi Nakiete akaweka bakuli chini na kumshika mgongo asipaliwe. "Sema tena," alisema akifuta machozi, "sema tena hivyo hivyo, kama padri!" Bangili iliganda kwenye njano kwa muda, ni kama vile ilikuwa inaomba ushauri mahali. Kisha nyekundu. Kosa la pili.

Baada ya hapo Nakiete aliogopa. Akarudi kwenye ruhusa, na Bibi akarudi kwenye dirisha.

Si kwamba Bibi alikuwa anadeka. Alieleza mwenyewe, bila kuulizwa, wakati akifutwa mgongo: "Ukiniongelesha hivyo najiona nimeshakufa, mnaongea taratibu msiniamshe. Chakula cha marehemu nitakilaje?" Nakiete alisikia, akaendelea kufuta. Lakini mifupa ya mabega ilianza kuonekana, na asubuhi moja kisigino cha kushoto kilikuwa chekundu. Alikibonyeza kwa kidole, wekundu haukuondoka. Alijua maana yake. Ngozi ya mtu asiyekula haichelewi kuchanika, na ikichanika kwa mtu wa umri ule haizibi tena.

Aliiangalia bangili, akakiangalia kisigino. Akaenda jikoni akapika kiburu, ndizi na maharage, akakiponda laini, akarudi nacho akiwa ameinua sauti tangu mlangoni.

"Haya, mzee wa maduka! Nimekuletea kiburu, na nimekipika Kipare, maharage nimeyahesabu! Usipokula nakupeleka sokoni nikakuuze, ingawa sijui nani atanunua mali iliyokwisha muda!"

Bibi alikula, na kwa kila kijiko alilipa tusi moja la uhakika. Kosa la tatu liliandikwa kabla bakuli halijafika nusu. Nakiete hakuitazama tena bangili.

Jioni, jua likiwa bado juu ya migomba, alimsukuma Bibi kwenye kiti chake hadi nyuma ya nyumba. Hiyo ilikuwa desturi ya kila siku. Kule ndani ya kihamba, karibu na mfereji wa maji, alikuwa amelala Mzee Urio, mume wa Bibi, chini ya saruji iliyopakwa chokaa. Nakiete alifunga breki, akaenda kusimama mbali kidogo kama alivyoagizwa siku ya kwanza. Maneno yalimfikia hata hivyo.

"Baba Urio, leo nimekula. Yule Mpare ananitukana vizuri, ungempenda. Ndizi za upande wa chini zimeangushwa na upepo, nimemwambia jirani achukue. Mlima uko wazi leo, mweusi mtupu, hauna hata kofia. Na kile kitu nilichokuambia cha nyonga, kinauma lakini si sana."

Hakuwa amechanganyikiwa. Alijua mumewe amekufa, alijua mwaka na ugonjwa. Alikuwa anampa habari za siku, basi, kama alivyokuwa akimpa alipokuwa hai akirudi kutoka kwenye kahawa.

4

Mkufunzi Salome Mapunda alikuja siku iliyofuata. Alikuwa Mngoni wa Songea, mwanamke mpana, anayevua viatu mlangoni hata akiambiwa asivue. Alikaa jikoni, akanywa chai, akaweka kikombe chini.

"Nakiete, umemtishia mgonjwa kifo. Halafu umemwita mwizi. Halafu umetaka kumuuza."

"Ni utani, Mkufunzi. Bibi ni mtani wangu."

"Najua ni utani. Unadhani mimi sina watani? Siku tunamzika baba, Mhehe mmoja alijilaza ndani ya kaburi akagoma kutoka. Mama alicheka. Siku hiyo nzima, hiyo ndiyo mara pekee aliyocheka." Mapunda alitikisa kichwa. "Nimewaandikia wenye bangili nikaeleza. Wamejibu kwamba maoni ya mkufunzi si kipimo. Wanataka kusikia upande wa pili."

"Si wamwulize Bibi?"

"Kuulizwa haitoshi. Mgonjwa anaweza kutishwa aseme uongo. Wanataka bangili isikie." Alishika mkono wa Nakiete, akaugeuza, akamwonyesha alama ndogo ya duara chini ya kifundo. "Bibi akiweka dole gumba hapa, amefungua sauti yake. Bangili itasikia pande zote mbili za mazungumzo, itapima upya, itaona anacheka, anajibu, anakula. Makosa matatu yatafutwa papo hapo. Na mtihani ni Ijumaa. Kwa mikono hiyo utafaulu, sina shaka."

Nakiete alitabasamu. "Basi ni jambo dogo! Bibi atakubali hata sasa hivi."

"Subiri." Mapunda hakutabasamu. "Ikifunguliwa haifungwi. Haitakuwa bangili yako tu, itakuwa ya kila atakayekuja baada yako, na nyingine itafungwa kwenye kiti chake. Kila atakachosema ndani ya nyumba hii na nje kitapimwa. Nimemwona jana kule nyuma, nilipita na kamba ya juu." Alimaanisha vile vibanda vya kuning'inia vinavyopanda kutoka mjini. "Anaongea na mumewe kila siku?"

"Kila siku."

"Bangili itaandika kwamba anaongea na mtu asiyekuwepo. Ikiandika hivyo wiki nzima, gari la Kituo cha wazee linakuja kumchukua. Si kwa ubaya. Wanasema ni kwa usalama wake."

Kituo kilikuwa tambarare, karibu na barabara ya Arusha, jengo safi lenye vitanda vyeupe. Hakuna aliyewahi kurudi kutoka huko na kukaa tena kwenye kihamba chake.

"Kwa hiyo unanishauri nini, Mkufunzi?"

Mapunda alinyanyua kikombe, akakuta hakina chai. "Mimi nimekuja kukueleza sheria," alisema. "Kama ningekuwa na ushauri ningeshautoa."

5

Nakiete alikaa na jambo hilo siku mbili, na katika siku mbili hizo, tuseme ukweli, alikuwa na mawazo mabaya. Aliwaza kumwambia Bibi nusu tu. Weka dole gumba hapa, Bibi, nifaulu, basi. Angekuwa amedanganya? Angekuwa amenyamaza tu. Kisha angepanda gari kwenda Usangi, na yatakayotokea Uru yangetokea akiwa mbali.

Bibi mwenyewe ndiye aliyemkamata.

"Mpare, leo matusi yako hayana chumvi. Una nini?"

Nakiete alikuwa akimfunga kitambaa laini kwenye kisigino. Alisema bila kuinua uso. Alieleza makosa matatu, alieleza dole gumba.

"Hilo tu?" Bibi alinyoosha mkono. "Lete hicho kibangili. Nilidhani una msiba."

Dole gumba lile, gumu, lenye ukucha uliochanika kwa miaka ya jembe, lilikuwa juu kabisa ya alama. Nakiete alilitazama. Alichotakiwa ni kukaa kimya tu, asiseme neno. Akauvuta mkono wake.

"Kuna na lingine, Bibi." Akamwambia habari ya Mzee Urio, na gari, na Kituo.

Bibi Aikande alirudisha mkono mapajani. Nje mtu alikuwa akikata majani ya ng'ombe.

"Mama yako ana hali gani?" aliuliza.

"Miguu imezidi."

"Na huko Usangi anaongea na nani?"

"Hana mtu. Mhudumu anakuja, anaondoka."

"Basi nitanyamaza," Bibi alisema. "Baba Urio alikuwa mtu wa maneno machache, hatanilaumu. Nitakaa pale nimtazame, nitamwambia moyoni. Siku ya mtihani nitaweka dole. Funga hicho kitambaa, usikibane."

"Bibi, siwezi kukuomba hivyo."

"Hujaniomba. Nimesema mimi. Nyonga ndiyo imevunjika, kichwa hakijavunjika."

Jioni alitaka kupelekwa kama kawaida. Nakiete alifunga breki, akasimama mbali. Bibi alikaa mbele ya kaburi, midomo kaibana, mikono kaifumbata mapajani. Alikuwa anafanya mazoezi. Mara moja alianza, "Baba U—", akajipiga mdomo kwa kiganja, na akatazama nyuma kuona kama Nakiete amesikia. Uso ule ulikuwa wa mtoto aliyekamatwa anaiba sukari. Nakiete hakuwahi kumwona na uso huo hata alipokuwa akimwogesha.

Aligeuka akashika mgomba, akalia kimyakimya ili bangili isiandike kitu.

6

Ijumaa Mkufunzi Mapunda alikaa kwenye kona na kalamu yake. Nakiete aliosha mikono, akamsalimu mgonjwa, akaeleza kila atakachofanya kabla hajakifanya. Alimgeuza bila kumburuta. Alimwogesha, upande mmoja umefunikwa. Visigino vilikuwa safi, wekundu umekwisha, na Mapunda alisimama kukihakikisha kile cha kushoto kwa kidole chake mwenyewe. Alimhamisha kutoka kitandani hadi kwenye kiti kwa hesabu ya pamoja, bila kishindo. Bibi alikula uji wote kwa adabu, ruhusa baada ya ruhusa, akiwa na sura ya mtu anayemeza klorokwini. Alifanya hivyo kwa ajili ya Nakiete, na bangili ilikuwa kijani mwanzo hadi mwisho.

"Vizuri sana," alisema Mapunda. "Kabla sijafunga. Kuna makosa matatu ya nyuma. Mwanafunzi unaomba sauti ya mgonjwa ifunguliwe?"

Bibi alishatanguliza dole gumba. Lilikuwa hewani, halitikisiki.

"Siombi," alisema Nakiete. Akaingiza kucha chini ya bangili, akaivuta, ikalia kidogo ilipoachia ngozi. Akaiweka mezani mbele ya Mapunda.

Kijani kilizimika.

"We!" Bibi Aikande alipaza sauti, na safari hii haikuwa utani. "Wewe mpumbavu! Nani kakuruhusu? Mchana kutwa unaniomba ruhusa, naomba nikufute, naomba nikugeuze, halafu jambo langu kubwa kuliko yote unaniamulia bila kuniuliza!"

"Nimekosea, Bibi. Labda nimekosea."

"Labda! Ilikuwa sauti yangu! Ningeitupa mtoni kama ningependa!"

"Najua."

"Na mama yako je?"

Nakiete aliitazama bangili iliyozimika. "Nilikuona pale kaburini umejipiga mdomo," alisema. "Siwezi kwenda kwa mama yangu nikiwa nimeacha hilo nyuma. Ningekaa naye nikimtazama, ningekuona wewe."

Bibi aligeuza uso dirishani. Mapunda aliandika maneno machache, akakunja karatasi, akachukua viatu vyake mkononi badala ya kuvivaa. Mlangoni alimwambia Nakiete kwamba mwakani milango ya chuo itafunguliwa tena, na kwamba kuanzia saa hiyo haruhusiwi kumgusa mgonjwa. Hakumtazama usoni alipokuwa akisema.

Jumapili mama aliuliza, "Lini sasa?" Nakiete akamwambia mwakani. Mama akasema mwakani si mbali, na wote wawili walijua kwamba ni mbali.

7

Mhudumu mpya aliitwa Zaituni, mama wa makamo kutoka Singida, mwenye cheti, mwenye mikono mizuri na bangili ya kijani isiyowahi kubadilika rangi. Hakukosea lolote. Aliomba ruhusa, akapasha mtori, akaomba tena. Bibi alikuwa dirishani. Nakiete, aliyekuwa amepata kibarua cha kuosha vyombo hotelini huko chini mjini, alizipata habari hizo kwa jirani mkata majani, na kazi ikamshinda siku nzima. Alivunja sahani.

Siku yake ya mapumziko alipanda Uru. Hakubisha hodi. Aliingia uani kama aliyeingia kwake, akakimbiza kuku, akamkamata jogoo mwekundu, akambana kwapani na kusimama katikati ya ua. Jogoo alipiga kelele kijiji kizima kikasikia.

Zaituni alitoka mbio. "Dada, samahani, kuna tatizo?"

"Hakuna tatizo. Mimi mtani wa nyumba hii, nimekuja kuchukua changu."

Zaituni alikuwa Mnyaturu, kwao pia kuna watani. Alimtazama, akamtazama jogoo, akaelewa. "Karibu, mgeni," alisema kwa upole, na bangili yake ikabaki kijani. Sheria ile ilimpima mfanyakazi. Mgeni haikumjua, na mtani haikuwahi hata kumsikia.

Dirishani, uso wa Bibi Aikande ulikuwa umekonda. Ulimtazama Nakiete tu. Nakiete akambana jogoo zaidi, maana hakuwa na hakika. Watani wanaweza kuachana kama watu wengine, ukivuka pale pasipovukwa.

"Bado hujafa tu?" aliita. "Nimekuja mapema nichague urithi!"

Hata jogoo alinyamaza.

"Mwizi!" alifoka Bibi kutoka dirishani. "Mwizi wa Kipare! Mweke chini huyo jogoo! Wewe Zaituni, niletee huo mtori haraka, siwezi kufukuza mwizi na tumbo tupu!"

Alikula mabakuli mawili, Zaituni akilisha na Nakiete akitukana kutoka kwenye kigoda, mikono nyuma, bila kumgusa mgonjwa kama sheria ilivyotaka. Jogoo alifungwa mguu mlangoni akisubiri kupelekwa mjini, kwa kuwa kilichochukuliwa na mtani hakirudishwi. Mambo ya kuamuliana hayakutajwa. Walipokuwa wanaagana Bibi alisema tu kwamba jogoo wake mwingine mwenye thamani yuko upande wa chini, kwa mtu anayejua kuja tena wiki ijayo.

Jua lilikuwa bado juu ya migomba. Zaituni alimsukuma Bibi nyuma ya nyumba, akafunga breki, akasogea mbali. Nakiete alikuwa akipita na njia ya mfereji, jogoo kwapani, akasimama bila kukusudia.

"Baba Urio," alisema ile sauti, wazi, bila kubanwa na kitu. "Yule Mpare amerudi. Ameiba jogoo. Aliniamulia jambo langu bila ruhusa, na hilo bado linaniuma, nimemsamehe nusu. Nusu nyingine nitamsamehe akifika kwa mama yake."